Kikombe cha Nne

Bong-si aliweka vikombe vitatu vya chai kwenye meza ya mizimu, kama alivyoweka kila asubuhi tangu aolewe katika nyumba ile, kisha akaenda jikoni kuangalia mikate ya mchele kwenye mvuke. Aliporudi na kitambaa cha vumbi alikuta vikombe vinne.

Hakupiga kelele. Alivitazama kama unavyomtazama mgeni aliyeingia bila hodi na kujikalia. Cha nne kilikuwa cha seti ileile, kile chenye ufa mdomoni, ambacho yeye mwenyewe alikifungia kabatini kwa sababu mizimu haipewi kikombe kibovu. Vile vitatu vilikuwa vimejaa. Cha nne kilikuwa kimenywewa, na chini yake palibaki tope laini la kahawia, kama lile linalotulia kwenye ndoo ukichota maji mtoni.

Akakinusa. Kilinuka mto.

Bun-liong, akasema moyoni. Mwanangu ameanza tena. Akakisugua kikombe kwa majivu mpaka vidole vikamwasha.

Bong-si ni jina wanalopewa mabinti waliozaliwa wakati wazazi wanangoja mvulana. Maana yake ni mleeni tu basi. Alilelewa tu basi, akaozwa tu basi kwa Ban-ting, mwanamume aliyekuwa mcheza kamari kuanzia utosini hadi kisiginoni. Kusoma gazeti hajui, lakini mume yule alimsoma kurasa zote. Alijua kwamba mcheza kamari akishinda hununua bata wa kuchoma na kumgawia hata jirani asiyemsalimia, na akishindwa husema bata ana mafuta mengi. Siku ya mchezo anakula amesimama. Hataki kuguswa bega, maana anaamini bahati hutua pale kama ndege, na ukimgusa inaruka. Kila ushindi anaukumbuka pamoja na mvua au jua la siku hiyo, na kila hasara ameisahau kabla hajafika mlangoni kwake. Ukimwuliza katoka wapi anakutazama machoni bila kupepesa, kwani msema kweli ndiye anayeangalia pembeni akijaribu kukumbuka. Na siku zote imebaki mara moja tu. Ban-ting alikwenda kaburini akiwa bado amebakiza mara moja tu.

Mwaka ule kisiwa kizima kilikuwa Ban-ting. Mchezo wenyewe ulikuwa wa tarakimu mbili tu, zikifuata droo ya bahati nasibu, mara tatu kwa mwezi, na siku ya droo mashamba ya miwa yalibaki na kunguru peke yao. Watu waliona namba kwenye jivu la udi lililojikunja, kwenye mabaka ya nguruwe, kwenye maneno ya kichaa wa stendi. Wengine walikwenda makaburini kuwaita ndugu wema. Ndugu wema ndiyo heshima wanayopewa wale wafu wasio na mtu wa kuwafukizia. Chakula chao huwekwa nje ya mlango, na mtu mwenye akili hawakaribishi ndani. Mwaka ule akili ilikuwa imekwenda kucheza namba.

Na walioshindwa walikuwa na ghadhabu. Sanamu iliyopigiwa magoti juzi, leo ilikatwa mkono kwa panga, ikachokolewa macho kwa kosa la kutaja namba isiyotoka, ikatupwa mtoni. Ukipita juu ya tuta wakati maji yamepungua ungeziona zimelala kwenye matope, na kila mtu alijua kwamba mungu aliyetendwa hivyo ameshaondoka zake, na kwamba nyumba iliyo wazi haikosi mpangaji.

Bun-liong naye alikuwa amecheza. Alikuwa fundi wa pampu za mashamba, mikono myepesi, kichwa chepesi zaidi. Lakini mkewe Siu-khim alipopata mimba ya tatu, baada ya mbili kutoka, Bun-liong alipiga magoti mbele ya meza ya mizimu na kuapa kwamba hatacheza tena, na akicheza, mtoto huyo naye asikae. Kiapo cha kipumbavu. Bong-si alimwambia palepale kwamba mwanamume mwenye akili huapa kwa jicho lake mwenyewe. Lakini kiapo kilikuwa kimeshatoka mdomoni, na mimba ilikuwa imefika mahali ambapo zile mbili hazikufika. Kwa hiyo kikombe cha nne hakikuwa jambo la kikombe. Kama Bun-liong alikuwa amerudi kwenye namba, mjukuu wake alikuwa amewekwa mezani.

Akaanza kumlinda mwanawe kama polisi.

Alimpekua mifuko akilala mchana. Alinusa mashati yake akitafuta udi wa makaburini, akakuta jasho na mafuta ya mashine. Alimfuata mpaka karakana akijifanya amempelekea chakula. Siku ya droo alimjia kwa nyuma na kumpiga kofi la bega, akingoja aruke. Bun-liong aligeuka tu, taratibu, akauliza kama kuna nzi.

"Alikuwepo," Bong-si akamjibu, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi. Baba yake hakuwahi kuwa hodari kiasi hicho.

Kwani nyumba ilikuwa haijatulia. Harufu ya tope ilikuja na kuondoka, jua likiwa linawaka na mto uko mbali. Ilipita ukumbini ikafuata ukuta, ikaishia stoo, ambako magunia ya mchele wa biashara yalipangwa mpaka juu. Bong-si aliuza mikate ya mchele ya bakuli, na kila alfajiri bakuli moja kati ya zile alizozipoza ilikuwa imelambwa, safi, mate hayajakauka. Panya hulamba bakuli lakini hairudishi kwenye rafu. Na kulikuwa na mlio. Tok. Kisha kimya. Kisha tok-tok. Kama kibao kikiangukia saruji. Uliusikia ukiwa umeinamia jambo lingine, na ukinyanyua kichwa ulikuwa umekwisha.

"Wewe husikii?" alimuuliza mkwewe.

Siu-khim alisema labda ni mbao za paa, zinapanuka kwa joto. Alisema hivyo akimtazama machoni, kwa upole wake wote. Bong-si hakuwa mtu wa kusifu, lakini huyu alimsifu mara moja mbele ya watu, kisha akajutia asije akaringa. Hakuringa. Alisaga mchele, alifua, alibeba ndoo na tumbo lake. Na mwezi ule, zamu yake ya upatu ilipofika, alimnunulia mama mkwe pete ya dhahabu. Juma lililofuata akaleta bata wa kuchoma, akampelekea paja hata jirani wa nyuma, ambaye waligombana kwa sababu ya mfereji. Bong-si alivaa pete, akala bata, akasema moyoni kwamba angalau mmoja katika nyumba hii ana mikono ya kuleta badala ya kutoa. Siku alipotaka kumkanda mabega, Siu-khim alisogea haraka, akasema mwili mzima unamuuma, ni ujauzito. Na ni kweli wajawazito huumwa. Hata kula, alikuwa akila amesimama karibu na jiko. Akikaa, alisema, mtoto anambana.

Aliyemzidishia Bong-si sumu ni A-tho, muuza tambuu wa kwenye kona, mwanamke mnene mwenye meno mekundu, ambaye kila mtu alijua kwamba chini ya sinia lake la popoo anapokea namba za watu.

"Bi Bong-si," alisema, akitafuna, "mtaa wenu kuna mtu anakula vizuri."

"Nani?"

"Mimi mdomo wangu una tambuu. Muulize wa ndani mwako." Akatema pembeni, nyekundu. "Lakini usimkaripie. Mtu mwenye bahati kama ile hakaripiwi, hubembelezwa."

Bong-si alirudi nyumbani na hasira. Usiku huo alimkabili Bun-liong kwa sauti ya chini, Siu-khim asisikie, akamtaja baba yake, akamtaja mtoto, akamwambia kwamba akitaka kumzika mtu aanze na yeye. Bun-liong alimsikiliza hadi mwisho, akatazama pembeni, akajaribu kukumbuka, akasema hajui mama anaongelea nini. Kisha akamwambia jambo ambalo hakulitegemea: kwamba yeye pia hulala vibaya. Kwamba mkewe akigeuka kitandani, anasikia maji yakicheza ndani yake, kama ndoo inayobebwa.

"Wajawazito wana maji," Bong-si akasema.

"Mengi kiasi hicho, mama? Na ya baridi? Nimemshika tumbo. Ni baridi kama chupa."

Bong-si akamwambia aende akalale. Alifikiri ni ujanja wa mcheza kamari, kukutupia hofu nyingine ili uisahau ya kwanza.

Siku ya droo iliyofuata alikwenda sokoni na kikapu chake cha mikate akakuta meza tupu. Hata muuza samaki alikuwa amemwachia paka samaki. Watu wote walikuwa wamebanana mbele ya redio. Bong-si hakutaka kuzisikia namba hizo hata kwa bahati mbaya, akajitwisha kikapu kilekile kilichojaa, akarudi nyumbani saa ambayo hakuwahi kurudi hata siku moja.

Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua na haina mtu. Mlango wa nyumba ulikuwa umerudishiwa. Ndani kulikuwa na baridi ya kisima.

Tok.

Alitua kikapu bila kukisikia kinatua. Tok-tok. Ilitoka stoo. Na katikati ya milio, sauti ya mtu anayenong'ona, na kicheko kidogo, cha furaha, kile cha mtu anayechezewa na mtoto.

Alipita kwenye ukumbi ameshikilia ukuta, na ukuta ulikuwa na unyevu chini ya kiganja chake, akafika mlango wa stoo, akachungulia kati ya magunia, akamwona Siu-khim amepiga magoti juu ya saruji na tumbo lake limekaa mapajani, blauzi imepandishwa, na mbele yake juu ya gunia la mchele sanamu ya urefu wa mkono kutoka kiwiko, imekatwa mkono wa kulia, uso wake umechongwa na panga ukawa bapa kama ubao wa kukatia nyama, nayo inachuruzika maji katika stoo iliyo kavu, na mbele ya sanamu kikombe chenye ufa kimejaa chai, na Siu-khim hakuwa anaitazama hiyo sanamu hata kidogo, alikuwa anatazama tumbo lake mwenyewe, ambalo ngozi yake ilisukumwa kutoka ndani, ikainuka, ikashuka, na kila ilipoinuka mlio ulitoka, tok, si wa nyama, bali wa mti kugonga mti.

"Polepole," Siu-khim alinong'ona. "Rudia, kipenzi. Ni saba? Saba, halafu ngapi?"

Tumbo likagonga. Tok. Tok. Tok. Kisha likatulia, na chini ya ngozi, wazi kama kitu kilichofunikwa kwa shuka, kikajichora kiganja. Kiganja kimoja. Mahali ambapo cha pili kingekuwa palijichora kigutu.

Bong-si aliingia. Alimwinamia mkwewe, akashusha blauzi ikafunika tumbo, kama mtu anayefunga dirisha.

"Tangu lini?"

Siu-khim hakushtuka. Alimtazama machoni bila kupepesa, na hapo, kwa mara ya kwanza, Bong-si akaliona lile jicho alilolala nalo kitanda kimoja miaka yote ya ndoa yake.

Mambo yenyewe Siu-khim aliyasema kwa sauti ndogo, bila kulia. Alikwenda mtoni kufua vitambaa vya kufunikia mvuke, siku ambazo mimba ilikuwa changa na damu ilikuwa imeanza kumchungulia kama zile mbili za kwanza. Akaiona sanamu kwenye matope. Akaihurumia. Hakuomba namba, aliapa, aliomba mimba ikae. Ikakaa. Baadaye akaanza kuota tarakimu, akaona ni dhambi kuzipoteza, akacheza mara moja tu kupitia kwa A-tho. Ikatoka. Akacheza tena ili ainunulie sanamu udi mzuri. Zile zilizotoka alizitaja zote, na mvua ya siku ile na jua la siku ile. Bong-si alipomuuliza ni ngapi hazikutoka, alinyamaza kwa mshangao, kama aliyeulizwa jina la mtu asiyemjua.

"Na wewe uliahidi nini?"

"Mahali pa kukaa, mama. Nilisema, nisaidie, nami nitakupa mahali pa kukaa."

"Wapi?"

"Hapa nyumbani. Nilidhani nimesema nyumbani." Mikono yake ilikuwa juu ya tumbo. "Sikutaja wapi."

Bun-liong alipoitwa na kuambiwa, alikaa juu ya kizingiti. Kisha akamwambia mama yake kwamba siku zote hizi mama alikuwa akinusa mashati yake yeye. Hakulisema kwa ubaya. Pete ilimbana Bong-si kidoleni.

Wakafanya kile ambacho mtu yeyote wa pale angefanya. Bun-liong aliifunga sanamu kwenye gunia, akapanda pikipiki, akaenda kuirudisha mtoni. Hata hakuwa amefika kwenye tuta, Siu-khim akashika mwimo wa mlango. Maji yakamshuka miguuni. Bong-si amezalisha wanawake wa kutosha, anayajua maji ya uzazi kwa rangi na kwa joto. Haya yalikuwa ya baridi, ya kahawia, na yalileta sakafuni vipande vya majani ya mtoni na kichangarawe. Siu-khim akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mtoto anaondoka, anaondoka naye, mama, mwite arudi.

Bong-si alikimbia. Mwanamke wa umri wake, katikati ya barabara nyeupe, kitambaa cha kichwa kimedondoka, akimpungia mikono mwanawe. Bun-liong alikuwa ameshatupa. Akaingia mtoni na nguo zake, akapapasa kwenye tope kati ya miungu mingine isiyo na macho, akachukua mmoja, si huyo, akachukua mwingine, mpaka akagusa ile yenye uso bapa, ambayo ilikuwa baridi kuliko maji. Waliporudi nayo, maji ya Siu-khim yalikatika.

Kwa hiyo hawakuweza kuitupa wala kuiweka.

Bi Kuan alikuja kesho yake asubuhi. Alikuwa mganga wa watoto walioshtuka, kikongwe mwembamba, mwenye harufu ya tangawizi, ambaye huchukua kikombe cha mchele, hukifunga kwa nguo ya mgonjwa, hukipitisha kichwani, akifungua huona kwenye mchele kilichomshtua mtu. Alifunga kikombe kwa blauzi ya Siu-khim. Alipofungua, mchele ulikuwa umelowa, na katikati umezama kishimo chenye umbo la makalio ya mtu aliyekaa.

"Amekaa," Bi Kuan alisema. "Ameahidiwa kiti, amekalia alichokipata. Mkimvuta atatoka na kiti chake. Lazima apewe kingine, na lazima akubali mwenyewe."

"Anakubalije?" Bun-liong akauliza.

Bi Kuan akatoa mbao zake mbili za kuulizia, zile za umbo la mwezi mchanga, tumbo bapa na mgongo wa mviringo, zimeng'aa kwa mikono ya watu. Akaeleza, ingawa walijua: moja ikilala chali na moja kifudifudi, amekubali. Zote kifudifudi, amekataa. Zote chali, anacheka. Akubali mara tatu mfululizo, ndipo neno limefungwa. Na wa kurusha ni mkubwa wa nyumba.

Kwa hiyo Bong-si, ambaye maishani mwake hakuwahi kuwekea dau hata jogoo, alipiga magoti kwenye stoo akazichukua zile mbao.

Alimwahidi chumba katika hekalu la miungu waliookotwa, huko milimani. Akarusha. Tok. Tok. Mpangaji wa ile sanamu akacheka. Alimwahidi uso mpya wa dhahabu na mkono wa mti wa kafuri. Akakataa. Alimwahidi maonyesho ya vikaragosi, ngoma na fataki, siku nzima. Akakubali. Akarusha tena, akakubali tena, na Siu-khim kwenye mkeka akavuta pumzi, na Bun-liong akashika mlango, na mara ya tatu mbao zikaanguka vizuri, moja chali na moja imesimama kwa ukingo, ikayumba, ikayumba, ikalala chali nayo. Amecheka.

"Ilikuwa kidogo tu," Bong-si alisema.

Akarusha. Akaahidi mengine, akarusha. Mara mbili akafika kwenye ndiyo ya pili, na mara mbili ya tatu ikamponyoka, na kila ilipomponyoka ilikuwa karibu zaidi ya ile ya kabla, au yeye aliiona hivyo, na viganja vyake vilikuwa vimepata moto mzuri ambao hakuwa nao tangu ujana, na harufu ya tope ikaacha kumkera, na aliposikia Bi Kuan akisema inatosha kwa leo, mgonjwa amechoka, tutaendelea kesho, sauti hiyo ilimjia kutoka mbali na ikamuudhi kama mtu anayekuamsha kwenye ndoto nzuri, na mkono wa kikongwe ulipomgusa bega aliutikisa ukaanguka.

"Mara moja tu," alisema.

Bi Kuan akarudi nyuma hatua. Hakuipenda ile sauti.

Bong-si akafumba macho. Safari hii hakusema kwa mdomo. Alisema ndani, kwa lugha ambayo mtu hujisemea peke yake. Muache mtoto. Kuna kiti kingine humu, kimechakaa, hakidumu muda mrefu, lakini ni chako. Na chini ya maneno hayo kulikuwa na wazo lingine, la ujanja, ambalo lilimfurahisha: mimi ni mzee. Nitakufa upesi, naye atabaki bila kitu. Nitamshinda.

Akarusha. Ndiyo. Akarusha. Ndiyo. Akarusha.

Mbao hazikuyumba hata kidogo.

Tumbo la Siu-khim likashuka, likapata joto, na ndani yake kitu kikapiga teke la kawaida, laini, lisilo na mlio. Sanamu ikapasuka kuanzia utosini, na kutoka kwenye ufa wakatoka mchwa, wakatawanyika juu ya gunia. Ilikuwa mti tu, mkavu. Harufu ya mto iliondoka stoo yote kwa mara moja, kama mtu aliyefungua mlango akapita.

Bi Kuan alikusanya mbao zake. Alimuuliza Bong-si ameahidi nini mara ya mwisho.

"Chai na mkeka," Bong-si akasema, akimtazama machoni.

Mtoto alizaliwa kwa wakati wake, msichana, mikono miwili, vidole vyote, kilio cha kuwaamsha majirani. Bun-liong alimpa jina zuri la kitabuni, akakataa katakata majina ya mleeni tu basi. Siu-khim aliamka kutoka kwenye namba kama mtu anavyoamka kutoka kwenye homa, dhaifu, mwenye aibu, asiyeelewa aliongea nini. Siku ya droo alisaga mchele na hakukumbuka ni siku gani. Sasa ni yeye aliyebeba kikapu kwenda sokoni, na mtoto alibaki nyumbani mgongoni kwa bibi yake.

Alasiri moja soko lilikuwa tupu, akarudi mapema.

Bong-si alikuwa amesimama mbele ya meza ya mizimu, mjukuu amefungwa mgongoni, bakuli ya mkate wa mchele mkononi, akila amesimama. Mezani kulikuwa na vikombe vitatu, na pembeni kile chenye ufa. Alikuwa anavitazama, na mkono wake wa pili ulikuwa umeshika birika na kumimina, na alishangaa kidogo kuona unamimina cha nne, lakini si sana. Mtoto alikuwa anapiga mateke. Watoto wote hupiga mateke. Kuhesabu si kucheza. Mtu anaweza kuhesabu chochote, hata vifaranga. Manne. Yakasimama. Kisha yakaanza tena, na hapo akapoteza hesabu, akainamisha kichwa pembeni.

"Polepole," alisema. "Rudia, kipenzi."

Mkono ukamgusa bega. Aliruka hata birika likagonga meza.

Alikuwa Siu-khim, kikapu kimejaa miguuni pake. Hakuwa amepandisha sauti. Macho yake yalikwenda kwenye vikombe, yakarudi, yakashuka kwenye mkono wa mama mkwe wake, kwenye kidole chenye alama nyeupe mahali palipokuwa na pete.

"Mama," alinong'ona. "Ulikuwa unahesabu nini?"

Bong-si alimtazama machoni, bila kupepesa.

"Nani anahesabu?" akasema.